Malazi ya bure ng'ambo, kodi yake ni kutunza mbwa

Barua tatu zilizonifikia mwezi huu zinauliza swali moja.

Ya kwanza imeandikwa na baba mmoja wa Nakuru. Binti yake alihitimu chuo kikuu miaka miwili iliyopita na hadi leo hajapata kazi. Juzi amemwambia babake kwamba kuna njia ya kuishi Ulaya mwaka mzima bila kulipa hata senti moja ya nyumba, mradi tu mtu akubali kutunza mbwa na paka za wenyewe. Anachohitaji ni nauli na ada ya viza. Baba ana kiploti huko Njoro na anauliza kama akiuze.

Ya pili ni ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Nairobi. Yeye anataka kuzunguka dunia kabla ya kuanza kazi, na anauliza aanzie wapi.

Ya tatu ni ya mwalimu mstaafu wa Thika. Mwanawe anaishi Leeds, Uingereza, pamoja na mke na watoto wawili katika nyumba ndogo. Mwalimu na mkewe wangependa kwenda kuwaona wajukuu, lakini hawataki kuwabana. Wamesikia kwamba wazee wa Kizungu hukaa miezi kadhaa katika nyumba za watu wakilinda paka, nao wanauliza kama mzee wa Kiafrika naye anaweza.

Nimeona afadhali niwajibu watatu hawa kwa pamoja, maana jambo lenyewe ni la kweli, si uvumi wa mitaani. Lakini kama ilivyo kwa mambo mengi ya ng'ambo, jambo linaweza kuwa la kweli kwa mwenye pasipoti ya Australia na lisiwe hivyo hivyo kwa mwenye pasipoti ya Kenya.

Jambo lenyewe

Katika nchi kama Uingereza, Ufaransa, Marekani na Australia, mbwa hakai nje kwenye kibanda akingojea mabaki ya ugali. Hulala sebuleni, na wakati mwingine kitandani. Ana daktari wake, ana bima yake, na huko England sheria inamtaka kila mbwa awe na kijidude cha utambulisho chini ya ngozi tangu mwaka wa 2016. Paka nao waliingizwa katika sheria hiyo mnamo Juni 2024.

Sasa mwenye mnyama kama huyo akitaka kwenda likizo ya majuma matatu afanye nini? Akimpeleka katika bweni la mbwa atalipa kwa kila siku, na mbwa mzee aliyezoea nyumba yake huweza kukataa hata chakula. Paka ndiye mgumu zaidi, kwa sababu paka hupenda mahali kuliko watu. Isitoshe, bima nyingi za nyumba huko Uingereza hupunguza ulinzi wake ikiwa nyumba imekaa tupu kwa siku nyingi mfululizo, mara nyingi 30 au 60.

Kwa hivyo mwenye nyumba hutafuta mtu wa kuaminika wa kuishi mle ndani. Mtu huyo hulisha mnyama, humtembeza, humwagilia maua maji na kupokea barua. Naye hulala bure, hupika katika jiko la wenyewe na kutumia maji na umeme bila kulipa. Pesa hazitoki upande wowote. Huu ni mpango wa kubadilishana, na hapo ndipo utamu wake ulipo, na hapo hapo ndipo matatizo yake yanapoanzia.

Zamani watu walitafutana kwa matangazo ya magazeti. Huko Marekani kuna jarida la watunza nyumba, The Caretaker Gazette, lililoanzishwa mwaka wa 1983. Intaneti ilipokuja, tovuti zikachukua nafasi hiyo. HouseCarers ilianza Australia mwaka wa 2000. TrustedHousesitters, ambayo sasa ndiyo yenye jina kubwa, ilianza mwaka wa 2010 katika mji wa Brighton, Uingereza. Wenye nyumba na walinzi hulipa ada ya uanachama ya kila mwaka. Zile kubwa hutoza zaidi ya dola 100 na zile ndogo hutoza chini ya hapo.

Janga la korona lilisimamisha safari nyingi mwaka wa 2020, lakini pia liliongeza wanyama. Mnamo Machi 2021 chama cha watengenezaji wa chakula cha wanyama huko Uingereza kilitangaza kwamba nyumba milioni 3.2 zilikuwa zimepata mnyama tangu janga lianze. Watu walipoanza kusafiri tena, wanyama hao wote walihitaji mtu wa kubaki nao.

Hesabu ya safari

Tuchukue mfano. Mtu anataka kukaa Uingereza siku 30. Kitanda katika bweni la wasafiri, chumba kimoja na watu wengine saba, tuseme ni pauni 25 kwa usiku. Hizo ni pauni 750 kwa mwezi. Tukikadiria pauni moja kuwa shilingi 170, ni shilingi 127,500, kabla hajanywa hata chai. Mtu akipata nyumba za kulinda kwa siku hizo zote, fedha hizo anazibakiza mfukoni, na chakula atapika mwenyewe badala ya kununua hotelini.

Ndiyo maana wako watu, hasa wastaafu na wale wanaofanya kazi zao kwa kompyuta, ambao wameishi hivi kwa miaka. Hukaa majuma mawili Bristol na siku kumi Edinburgh, kisha huvuka hadi Ufaransa kulinda nyumba ya shamba wakati wa baridi, mwenyewe akiwa amekimbilia kwenye jua.

Lakini malazi ni sehemu moja tu ya gharama. Ziko nyingine ambazo mara nyingi hazitajwi.

Kwanza ni mapengo. Nyumba ya Bristol inaisha Jumapili na ile ya Edinburgh inaanza Alhamisi. Utalala wapi siku hizo nne? Mwenye jamaa au rafiki ataponea hapo. Asiye naye atalipa hoteli, na siku chache za hoteli humeza akiba ya majuma mawili.

Pili ni nauli ya huko huko. Gari la moshi la Uingereza likikatiwa tikiti siku ile ile ya safari huwa ghali mno. Isitoshe, nyumba nyingi zinazohitaji mlinzi wa muda mrefu ziko mashambani, ambako basi hupita mara mbili kwa siku au halipiti kabisa. Asiyeweza kuendesha gari huko amefungiwa na mbwa.

Tatu ni ada ya viza, ambayo hairudishwi hata ukinyimwa. Viza ya nchi za Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Ni lazima pia uwe na bima ya safari inayofikia angalau yuro 30,000.

Nne ni fedha za dharura. Mwenye nyumba anaweza kuahirisha safari yake leo asubuhi kwa kuwa mamake ameugua, nawe uko njiani na begi lako. Hana kosa, na wewe huna pa kulala. Yeyote anayesafiri kwa njia hii bila fedha za kulala hoteli majuma mawili na tikiti ya kurudi nyumbani anajiweka mikononi mwa bahati.

Si likizo tupu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni hupewa jembe siku ile ile ya kwanza.

Mbwa hutembezwa asubuhi na jioni, kunyeshe kusinyeshe. Mwezi Desemba jijini London jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hivyo matembezi ya jioni ni gizani, kwenye baridi. Ukienda naye barabarani ni lazima avae ukanda wa shingoni wenye jina na anwani ya mwenyewe. Akijisaidia, utaokota kwa mfuko wa plastiki na kutupa katika pipa. Usipookota unaweza kutozwa faini. Kijana aliyelelewa Kayole au Kisauni huliona jambo hili la ajabu, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Wenye mbwa wengi hawataki aachwe peke yake zaidi ya saa nne. Piga hesabu: ukitaka kwenda kuona jumba la makumbusho la mji mwingine, saa nne hazitoshi. Wengi waliokwenda kuiona Ulaya wameishia kuona bustani moja, kila siku, mara mbili.

Wanyama wazee huwa na dawa. Paka mwenye ugonjwa wa kisukari hudungwa sindano ya insulini mara mbili kwa siku, saa zile zile. Na viko vyakula vya kawaida vinavyoweza kumwua mnyama. Mbwa asipewe chokoleti, vitunguu wala zabibu, ziwe mbichi au kavu. Paka hata akiramba vumbi la maua ya yungiyungi, figo zake zinaweza kuharibika. Mtu akikuletea shada la maua hayo, liweke nje.

Kwa wasomaji wetu Waislamu kuna jambo jingine. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kuishi na mbwa sebuleni kwa mwezi mzima si jambo jepesi kwa mtu wa sala tano. Paka hana tatizo hilo, na mtu wa Lamu hahitaji kufundishwa jinsi ya kuishi na paka. Nyumba zenye paka pekee ni nyingi, na anayetaka hizo aseme tangu mwanzo.

Mlango wa uhamiaji

Sasa tufike penye uzito, ambapo matangazo mengi hupita haraka.

Mlinzi wa nyumba halipwi mshahara. Je, anafanya kazi? Yeye husema hapana, yuko likizoni na anamsaidia mtu na paka wake. Afisa wa uhamiaji anaweza kusema ndiyo, kwa sababu malazi ya bure ni malipo.

Mwaka wa 2022 mwanamke mmoja wa Australia alizuiwa katika uwanja wa ndege wa Los Angeles alipokuwa akipitia Marekani kwenda Canada. Alieleza wazi kwamba hulinda nyumba na paka kwa kubadilishana na malazi. Maafisa walihesabu hiyo kuwa ni kazi, naye akarudishwa kwao. Mapema mwaka wa 2025 msichana mmoja wa Wales aliyekuwa akisafiri na begi lake la mgongoni alikataliwa kuingia Canada kutoka Marekani, kwa kuwa alipanga kuishi na familia huku akiwasaidia kazi za nyumbani. Marekani ikamweka kizuizini kwa majuma kadhaa kabla ya kurudi kwao. Hawa ni watu wa nchi ambazo raia wake huingia Marekani kama watalii bila kuomba viza ubalozini. Sisi ambao huhojiwa ubalozini kabla ya kupanda ndege tutarajie nini?

Uingereza humruhusu mgeni kukaa hadi miezi sita, lakini kanuni zake zinasema asifanye kazi kwa kampuni ya nchi hiyo au kama mtu aliyejiajiri, iwe yenye malipo au isiyo na malipo. Je, kumlisha paka wa mtu ni kazi ya aina hiyo? Mawakili wanaweza kubishana, lakini wewe hutakuwa na wakili pale dirishani Heathrow. Utakuwa na afisa mmoja na dakika chache.

Halafu kuna suala la siku. Mgeni katika nchi za Schengen haruhusiwi kuzidisha siku 90 katika kila siku 180. Hesabu hiyo ni ya nchi zote za Schengen kwa pamoja, si ya kila nchi peke yake. Huwezi kukaa siku 90 Ufaransa kisha ukavuka Uhispania ukaanza upya. Kwa hivyo anayesema kuwa atakaa Ulaya mwaka mzima kwa viza ya utalii, ama hajui kanuni au ana nia ya kuzivunja.

Wapo watakaokushauri udanganye. "Sema unaenda kumtembelea rafiki." Tafadhali usithubutu. Uingereza ikigundua kwamba mtu alitumia udanganyifu katika ombi lake, inaweza kumfungia mlango kwa miaka 10. Marekani inaweza kumfungia kwa maisha. Na siku hizi maafisa hupekua simu. Barua zako na mwenye paka zimo humo, pamoja na tarehe.

Mawakala wa mitaani

Palipo na njia ya kwenda ng'ambo hapakosi mtu wa kuuza tikiti ya uongo.

Ukiona tangazo la "kazi ya kutunza mbwa Canada, mshahara shilingi laki mbili, viza na malazi bure, lipa ada ya usajili," jua kwamba hilo si jambo tunalolizungumza hapa. Katika mpango wa kweli hakuna mshahara, hakuna wakala, na hakuna anayekutafutia viza. Kazi ya mshahara ng'ambo ina taratibu zake, na kampuni inayopeleka watu huko sharti iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uajiri. Orodha inapatikana, ikague kabla ya kutoa hata shilingi. Tena, mtu yeyote, awe wakala au mwenye nyumba, akikuomba umkabidhi pasipoti yako akutunzie, kataa na uondoke. Tumewazika mabinti wa kutosha waliopelekwa Ghuba kwa ahadi tamu.

Hata penye ukweli, mtu ajihadhari. Zungumza na mwenye nyumba kwa simu ya video na umwombe akutembeze vyumba vyote. Soma waliyoandika walinzi waliotangulia. Andikianeni mambo ya msingi: tarehe, kazi zenyewe, nani atamlipa daktari wa mnyama, na kitu kikivunjika itakuwaje. Waachie watu wawili nyumbani anwani kamili na namba ya simu ya mwenye nyumba. Msichana anayesafiri peke yake asikubali nyumba ambayo mwenyewe naye "atakuwepo kwa siku chache za mwanzo" asizozitaja.

Majibu kwa watatu wetu

Mzee wa Nakuru, kiploti usikiuze.

Nakwambia hivi kwa sababu mbili. Binti asiye na kazi, asiye na mali na asiye na familia yake akiomba viza ya utalii, afisa hujiuliza kitu kimoja: ni nini kitakachomrudisha nyumbani? Asipopata jibu humnyima. Na laki kadhaa zikiingia ghafla katika akaunti iliyokuwa na elfu tano, hizo nazo huzua maswali badala ya kuyajibu. Utakuwa umeuza ardhi ili ununue karatasi ya kukataliwa.

Sababu ya pili ni kwamba hata akifika, hatakuwa amepata kazi. Atakuwa amepata mahali pa kulala. Mwaka ukiisha atarudi akiwa bila mshahara na bila ploti. Kulinda nyumba ni njia ya kupunguza gharama kwa mtu mwenye kipato. Si kipato chenyewe.

Lakini usimvunje moyo. Haja ya binti ni kuona ulimwengu na kusonga mbele, na ziko njia za halali za kufanya hivyo. Ujerumani, kwa mfano, ina viza ya vijana wasiofikisha miaka 27 wanaoishi na familia na kusaidia kulea watoto kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Familia humpa chumba, chakula na pesa za mfukoni, na kazi haipiti saa 30 kwa juma. Sharti ajue Kijerumani cha ngazi ya kwanza, ile ya A1. Fedha ya kulipia masomo hayo ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya ploti, na lugha itabaki kichwani mwake hata viza ikikosekana. Mkae chini, wewe na mamake na yeye, mlizungumze hilo.

Wewe mwanafunzi, anza nyumbani.

Wenye nyumba za Karen, Lavington, Nyali, Diani, Naivasha na Nanyuki nao husafiri, nao wana mbwa na paka. Hakuna viza ya kwenda Nanyuki. Utajifunza kama kweli unaweza kuamka saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya mnyama wa mtu mwingine. Pia utapata barua za watu wa kukusifu. Katika jambo hili sifa ndiyo sarafu. Mwenye nyumba huchagua mtu aliyekwisha kuaminiwa na wenzake, na mgeni asiye na sifa hata moja huomba mara nyingi kabla ya kujibiwa.

Kumbuka tu kwamba hapa kwetu kichaa cha mbwa kipo, tofauti na Uingereza. Uliza cheti cha chanjo cha mbwa kabla ya kukubali. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukadungwe chanjo. Usingojee kuona kama mbwa atakufa.

Ukishazoea, panua duara polepole. Kwa kitambulisho chako tu unaweza kufika Uganda na Rwanda. Kwa pasipoti, Afrika Kusini humruhusu Mkenya kuingia bila viza hadi siku 90 kwa mwaka tangu Januari 2023, na huko desturi ya kulinda nyumba ni ya kawaida. Hata hivyo nako mgeni haruhusiwi kufanya kazi, kwa hivyo uliza ubalozi wao kwa maandishi kabla ya kupanga lolote. Na ikiwa siku moja utapata nafasi ya kusoma Ulaya, utaishi huko kwa kibali cha mwanafunzi, na hapo likizo katika nyumba yenye paka inaweza kukuokolea kodi. Lakini kibali hicho nacho kina mipaka yake ya kazi, hata ile isiyolipwa. Kila chuo kina ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Uliza pale, wala usiulize mwenzako wa chumbani.

Nawe mwalimu wa Thika, ombi lako ndilo jepesi kuliko yote.

Una pensheni, una nyumba, una sababu ya kurudi, na una mwana anayeweza kukuandikia barua ya mwaliko. Ombeni viza ya kutembelea jamaa, na mseme hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Msichanganye safari ya wajukuu na habari za paka wa watu. Mkiona nyumba ni finyu, fupisheni ziara. Miezi miwili ya kulala sebuleni na wajukuu wakiwarukia asubuhi ina faida kuliko miezi sita katika nyumba ya mgeni umbali wa saa mbili kwa gari la moshi. Mmekwenda kuona watoto, si mbwa.

Wanachopata, wanachoacha

Sitaki msomaji adhani kwamba naupinga mpango huu. Kwa mwenye pasipoti inayomruhusu, kipato kinachomfuata na afya ya kutembea, sijui njia nzuri zaidi ya kuufahamu mji wa watu. Mtalii wa hoteli huijua barabara ya kutoka uwanja wa ndege. Mlinzi wa nyumba humjua muuza mikate, hujua siku ya kutoa takataka, na husalimiwa na majirani kwa sababu wanamjua mbwa anayetembea naye. Elimu hiyo haipatikani kwa kununua tikiti.

Hata hivyo kila nyumba anayoingia ni ya mtu mwingine. Picha ukutani si za jamaa zake. Akishamzoea paka, siku zimekwisha. Harusi ya dada hutazamwa kwa simu, na mazishi ya babu vivyo hivyo. Kijana huweza kustahimili hayo kwa mwaka mmoja. Kwa miaka mitano, ajiulize anakimbia nini.

Wazazi, watoto wenu wakiwaletea habari hizi msiwacheke. Waulizeni maswali manne: viza ni ya aina gani, siku za mapengo utalala wapi, fedha za kurudi ziko wapi, na mwenye nyumba akighairi utafanya nini. Mwenye majibu manne amefikiri, naye apewe baraka. Mwenye jibu moja tu, kwamba "malazi ni bure," aambiwe arudi akafikiri tena.

Juma lijalo tutazungumza juu ya karo za shule za bweni na orodha ya vitu vya kununua, ambayo kila mwaka huongezeka. Hadi hapo, nawatakia Jumapili njema.